Pale Tulipokuwa Tukiruka

Jumanne moja, nusu saa hivi kabla ya magharibi, baba aliniuliza swali nami nikanyamaza. Sikunyamaza kwa haya. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafikiri, na mimi nikianza kufikiri huchukua muda.

Swali lilikuwa hili: familia moja ya Bura ilikuwa imeleta posa. Kijana wao ni mwalimu wa hesabu, watu wenyewe ni watu wa dini, tunawafahamu, na wazee wao wangependa kuja Ijumaa baada ya swala kuzungumza rasmi. "Unasemaje, abo?" baba akauliza. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwitia yeye. Baba ananiita abo, mama ananiita hooyo, nyanya ananiita ayeyo, shangazi ananiita eedo, na mgeni anayetutembelea mara ya kwanza huchanganyikiwa asijue nani amemzaa nani.

Nikaanza kupanga jibu. Kwanza nilitaka kujua kama mwalimu huyo ni yule niliyemdhania. Pili, kama ingenilazimu kuhamia Bura. Tatu, kama kuuliza kuhusu Bura kabla ya kuuliza kuhusu tabia ya mtu mwenyewe kungenionyesha kuwa mtu wa kujali starehe. Nilikuwa bado kwenye la tatu, nikiligeuza huku na huku, niliposikia baba akisema, "Alhamdulillah." Akavaa kiatu cha pili, akaelekea msikitini. Nilidhani ameahirisha mazungumzo. Nikashukuru moyoni kwa kupewa muda.

Asubuhi ya Jumatano shangazi, dada yake baba, aliingia na mfuko wa ubani mkononi, akanikumbatia mpaka shungi langu likaenda upande.

"Hongera, eedo," akasema. "Umetuheshimisha. Baba yako anasema hukutamka hata neno moja."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeshakubali kuolewa.

Sikuwa na haki ya kushangaa. Madrasa tulifundishwa vizuri kabisa: msichana lazima aulizwe, na akiona haya ya kutamka, kimya chake kinatosha. Nililijibu hilo kwenye mtihani na nikapata alama zote. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba siku moja kimya kinachozungumziwa kitakuwa changu, na mimi ni mtu anayenyamaza hata akiulizwa kama anataka sukari kwenye chai.

Tatizo ni kwamba sikuwa nimekataa pia. Kama ningekuwa simtaki, ingekuwa rahisi. Ningelia kidogo, mama angeelewa, mambo yangekwisha. Ila mama alikuwa Wajir kwa dada yangu aliyejifungua, na mimi sikuwa na chozi lolote. Nilichokuwa nacho ni maswali kumi na manne, ambayo hakuna aliyeniuliza kama ninayo. Na Jumatano ni siku ya mnada wa mifugo hapa Garissa. Baba ni mtu wa ofisi ya mifugo, na siku hiyo huondoka alfajiri, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, hana nguvu za kusikiliza mtu. Kwa hiyo nilikuwa na Alhamisi tu.

Cha kuchekesha, na shangazi mwenyewe alikicheka baadaye, ni kwamba kazi yangu ni kuwauliza watu kama wamekubali. Tangu nimalize chuo kikuu sijapata ajira ya kudumu. Napata vibarua vya kuhoji watu kwa ajili ya utafiti wa mashirika: maji, chanjo, bei ya maziwa. Kabla ya swali la kwanza lazima nimsomee mtu ukurasa wa ridhaa, neno kwa neno. Naeleza mimi ni nani, nataka nini, itachukua muda gani, kwamba anaweza kukataa, kwamba hata akikubali anaweza kubadili nia katikati na hakuna atakayemlaumu. Halafu nauliza, "Je, unakubali?" Nasubiri asikike kwa sauti. Akitikisa kichwa haitoshi. Akinyamaza, sibonyezi chochote kwenye tableti.

Huko Modogashe mama mmoja muuza maziwa alinisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa, akawageukia wenzake kibandani. "Huyu msichana ameniuliza mara tatu kama nimekubali," akawaambia. "Mume wangu nimemzalia watoto saba hajaniuliza hata mara moja. Mnaonaje, niolewe na yeye?" Wakacheka mpaka dereva wa lori lililosimama pale akaja kuuliza kuna nini. Mimi nilicheka pia, kisha nikalibeba lile jambo mpaka Garissa, nikiliwaza njia nzima.

Na mwalimu wa Bura nilimjua, kama ni yule, kutokana na ukurasa huo huo. Nilimhoji mwaka uliopita kwenye uwanja wa shule yao. Watu wengi husema ndiyo kabla sijamaliza sentensi ya pili ili nimalize niondoke. Yeye aliuliza. Je, nikikataa katikati, majibu ya mwanzo yanafutwa? Na kama sijui jibu, naruhusiwa kusema sijui? Alitumia dakika arobaini kwenye ukurasa wa ridhaa peke yake. Msimamizi wangu alinipigia simu akidhani nimepata ajali. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka, na nikiwa nimempenda kidogo, ingawa neno hilo sikuwahi kulitumia mpaka ninapoandika hapa.

Basi Jumatano alasiri, wakati jua la Garissa halimruhusu mtu kufanya chochote ila kukaa chini ya feni, tuliketi kutazama filamu kama kawaida. Tulikuwa wanne: mimi, shangazi, jirani yetu wa ukuta wa pili ambaye huja na mto wake mwenyewe, na nyanya yangu, mama yake baba, ambaye mtaa mzima unamwita ayeyo. Filamu ilikuwa ya Kihindi, iliyotiwa sauti za Kisomali, kutoka kwenye flashi ya duka moja pale sokoni. Sauti zote hutiwa na mwanamume mmoja. Yeye ndiye baba, ndiye jambazi, ndiye bibi harusi, na akifika kwa bibi harusi hupunguza sauti tu kidogo kama mtu mwenye mafua.

Mimi ndiye mshika rimoti. Kazi hiyo nilipewa nikiwa darasa la tano kwa sababu nilikuwa na vidole vyepesi na woga mwingi. Wajibu wangu ni kuruka sehemu za aibu kabla hazijafika. Nazijua dalili zake: filimbi, mvua, pazia linalopepea bila dirisha kufunguliwa. Nikiona mojawapo nabonyeza kwenda mbele, wengine wanaangalia ukutani au wanajipepea, nami naangalia skrini ili nijue pa kusimama. Kwa miaka yote hiyo ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiziona sehemu hizo, tena kwa kasi, watu wakikimbizana kama kuku. Wengine waliona tu kwamba mwanamume ameushika mkono wa msichana, halafu wote wawili wamekaa na wazazi wakinywa chai.

Zisizorukwa niliziona mara ya kwanza bwenini Nairobi, nilipokuwa chuo kikuu. Wasichana wanane kwenye kitanda kimoja, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nakumbuka filamu moja ya kigeni ambamo kijana alisimama kabisa, akamuuliza msichana kama anaweza kumbusu. Chumba kizima kiliguna. "Ameharibu," mmoja akasema. Mwingine akasema yeye akiulizwa hivyo anachukua mkoba wake anaenda zake. Mwanamume anayeuliza, akasema, hajui anachotaka. Nilicheka nao, maana nilikuwa mgeni na kucheka ndiyo njia rahisi ya kukaribishwa. Kisha kwa wiki nzima nikajiuliza nilikuwa nacheka nini. Nilishikwa na wasiwasi kwamba labda mimi ndiye nisiyejua mambo, kwamba labda kuna kitu wasichana wote wa dunia wanakielewa bila kuambiwa, na siku ya kukigawa mimi sikuwepo.

Turudi kwenye filamu ya Jumatano. Steringi alikuwa mtoto wa mwenye hoteli. Msichana alikuwa anauza dawa kwenye duka la dawa. Kijana alinunua dawa ya kikohozi kila siku na hakuwa na kikohozi, jambo ambalo shangazi alilipenda sana. "Mwanamume ni huyu," akasema. "Hachoki." Msichana alimwambia hapana dukani. Akamwambia hapana kwenye kituo cha basi. Akamwambia hapana mbele ya baba yake, na baba yake akacheka. Kila hapana ilipotoka, jirani alijipiga paja kwa furaha. Nami nilijikuta ninacheka pia, mpaka ikaanza filimbi.

Walikuwa juu ya paa la nyumba na mvua ikanyesha. Nikainua rimoti. Kidole kikabaki pale pale. Sitasema nilikusudia, nadhani na mkono wangu ulikuwa unafikiri.

"Ruka," shangazi akasema huku ameangalia ukuta.

"Subiri kidogo, eedo."

"Ruka, kuna watu wazima hapa."

Mtia sauti alikuwa amenyamaza. Alijua nyumba zote zinaruka pale, kwa hiyo hakujisumbua. Ilibaki muziki tu, na msichana aliyeshikwa kifundo cha mkono, akimsukuma kijana kwa kiganja cha mkono wa pili, midomo yake ikienda. Hakukuwa na aibu yoyote pale. Hakuna aliyevua hata skafu. Kulikuwa na mtu anayetaka kuondoka na mtu asiyemwachia.

"Huyo msichana anasema nini?" ayeyo akauliza. Yeye hakuwa ameangalia ukuta. Nadhani hajawahi kuangalia ukuta.

"Anasema nahi, hapana," jirani akajibu.

"Nahi ninaijua. Wahindi nawatazama tangu enzi za kanda. Nauliza kwa nini anasema nahi na huyu bado amemshika."

Muziki ukapanda, picha ikabadilika, na tazama, bwana harusi amekuja juu ya farasi, msichana yule yule anacheka, mikono yake imejaa hina.

"Rudisha," ayeyo akasema. "Nataka kuona alipokubali."

Nikarudisha. Mvua, nahi, farasi. Nikarudisha tena polepole. Mvua, nahi, farasi. Mara ya tatu jirani alisogea mpaka karibu na skrini kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Alikubali katikati," shangazi akasema.

"Katikati ya nini?" ayeyo akauliza.

"Katikati ya mvua na farasi, hooyo. Mambo mengine hayaonyeshwi."

"Farasi wamemwonyesha mpaka kwato."

Jirani akaanza kucheka, ile ya kushika mbavu, na shangazi akakasirika kidogo kwa sababu yeye alikuwa upande wa steringi tangu chupa ya kwanza ya dawa. Akatueleza kwamba hapana ya msichana mwenye adabu ndivyo ilivyo. Hawezi kusema ndiyo mara moja kama mtu aliyeitwa kula. Lazima mwanamume aombe, aombe tena, avumilie. Wanawake wote wanajua.

"Mimi sijui," jirani akasema. "Mzee wangu alikuja, nikasema hapana. Akaondoka, akaenda Mandera miezi sita na biashara yake. Nilidhani lori limemwua."

"Unaona? Ulitaka arudi."

"Nilitaka arudi aulize, wee. Sikutaka arudi anishike juu ya paa."

"Kwenu hakukuwa na paa. Kulikuwa na turubai."

"Basi hata juu ya turubai."

Nikaona ni zamu yangu, nikasema kile nilichokuwa nimekipanga kwa muda. Nikasema kwamba kazini kwangu mtu akisema hapana naandika hapana, na mtu akinyamaza siandiki kitu. Nilikisema kwa sauti ya mtu mwenye shahada. Shangazi akanigeukia polepole.

"Kazini kwako," akasema. "Na jana ulipomnyamazia baba yako, tuandike nini?"

Feni ikazunguka. Steringi alikuwa akiimba na wakwe zake. Nilitaka kujibu na nikaanza kupanga, na shangazi akaninyooshea kidole: "Haya, ananyamaza tena. Wazee wa Bura wangekuwa hapa angekuwa ameolewa mara mbili."

Tulicheka wote, mimi zaidi ya wote. Nilipomaliza kucheka nikagundua nalia kidogo, si kwa huzuni hasa, ni kama maji yaliyokuwa yakitafuta pa kutokea. Ayeyo akachukua rimoti mkononi mwangu, akazima.

"Ulinyamaza vipi?" akaniuliza.

Sikuelewa. Akaeleza. Yeye alizaliwa upande wa Rhamu, karibu na mto, na aliposwa mara mbili. Mara zote mbili hakusema neno. Mara ya kwanza aliangalia mlango. Mama yake, aliyekuwa ameketi mbele yake kwa kazi hiyo tu, akamwona, na yule mtu akapewa maziwa na maneno matamu, akaenda zake. Mara ya pili aliinamisha kichwa, akachora mchangani kwa kidole gumba cha mguu. Mama yake akatoka nje akasema amekubali. "Kimya kina mwenye kukitazama," ayeyo akasema. "Baba yako alipokuuliza alikuwa anatazama nini?"

Nikakumbuka vizuri. "Alikuwa anatafuta kiatu," nikasema. "Kilikuwa chini ya kochi."

Ayeyo akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kana kwamba shangazi ndiye aliyepoteza kiatu. "Dini imesema aulizwe," akasema. "Haikusema aulizwe na mtu aliyeingiza kichwa chini ya kochi."

Nilifurahi nikidhani ayeyo atamwita mwanawe jioni ile na kumaliza mambo. Akakataa. Kama ni mimi niliyenyamaza, akasema, ni mimi nitakayesema. Yeye akisema kwa niaba yangu itakuwa ni kuruka tena.

Alhamisi asubuhi nilimkuta baba mezani na chai na anjera, tayari kwenda ofisini. Nilikuwa na karatasi. Niliandika usiku wa kuamkia hapo nikafuta, nikaandika tena, na mwishowe kilichobaki kilikuwa ukurasa wa ridhaa uliogeuzwa, kwa sababu ndiyo lugha pekee ninayoiweza nikiwa na hofu.

"Abo, naomba dakika tano za muda wako," nikasoma. "Unaweza kunisimamisha wakati wowote. Jumanne uliniuliza swali. Jibu lililoandikwa si jibu nililotoa."

Baba akaweka kikombe chini. "Mbona unaongea kama barua ya benki?"

"Naogopa."

"Unaniogopa mimi?"

"Naogopa kila mtu. Wewe ni wa mwisho kwenye orodha."

Hilo lilimgusa mahali, akavuta kiti changu karibu na chake. "Lakini ulinyamaza," akasema kwa upole, kama mtu anayekumbusha jambo lililotokea sote wawili tukiwepo.

"Nilikuwa nafikiri."

"Muda wote ule?"

"Bado nafikiri, abo. Sijakataa. Sijakubali pia. Nina maswali kumi na manne, na nataka kumwuliza yeye mwenyewe kabla wazee hawajakaa."

Alinitazama. Nilimwona akitaka kusema kuhusu wazee wa Bura, kuhusu mbuzi aliyekwisha agizwa, kuhusu heshima. Vyote vilipita usoni pake kimoja baada ya kingine. Kisha akacheka, akijifuta ndevu. "Nilishangaa, walahi," akasema. "Nikajiambia, huyu mtoto hajawahi kujibu kitu haraka hivi tangu azaliwe. Nilipaswa kujua." Akaongeza, "Nadhani nilitaka iwe ndiyo. Ndiyo maana sikuinua kichwa."

Akachukua simu pale pale. Nilitaka kutoka, akaniashiria nikae. Upande wa pili alikuwa ami yake yule kijana, sauti yake kubwa hata bila spika. Salamu zikachukua dakika tatu: mifugo, mvua, wagonjwa, watoto. Halafu baba akasema, "Kuna kosa nimelifanya. Binti yangu hajajibu. Mimi ndiye niliyejibu."

Ami yake akanyamaza. Katika siku zile tatu, hicho ndicho kimya kilichonitisha kuliko vyote. Hatimaye akauliza kama mbuzi bado yupo. Baba akasema yupo. "Basi tutakuja kula," ami akasema. "Hatutasema kitu."

Na kweli walikuja Ijumaa, wazee watano, wakala wali na mbuzi na ndizi, wakazungumza kuhusu barabara na daraja na bei ya ngamia, wakashukuru, na hakuna aliyetaja ndoa hata kwa bahati mbaya. Shangazi alisema tangu azaliwe hajaona posa ya namna hiyo. Ilikuwa kama matanga bila maiti. Kijana mwenyewe alikuja nao. Alikuwa yule yule wa dakika arobaini. Tulipewa viti viwili barazani, na shangazi akaketi hatua tano mbali, amefungua simu yake ambayo niliona ameishika kichwa chini.

"Jibu lilipokuja siku ile ile nilipata wasiwasi," mwalimu akaniambia. "Mtu aliyenisomea ukurasa mzima bila kuruka sentensi, hawezi kujibu jambo kama hili kwa jioni moja. Nilidhani umelazimishwa."

Nilimwambia kilichotokea, pamoja na kiatu. Akacheka bila kutoa sauti, mabega yakitikisika, kwa sababu wazee walikuwa karibu. Nikaanza maswali. Swali la tisa lilihusu filamu. Nilimweleza kuhusu mvua na farasi, nikiwa na hofu kwamba ninamweleza mwanamume nisiyemjua habari za msichana aliyeshikwa juu ya paa, na nikasikia simu ya shangazi ikianguka sakafuni.

Akaniambia kwamba shuleni kwao wavulana wa bweni huonyeshwa filamu Jumamosi mchana ukumbini. Steringi akimvuta msichana kwa nguvu, ukumbi mzima hupiga makofi. Siku moja alisimamisha picha akawauliza wanapiga makofi ya nini. Wakasema, mwalimu, mwishoni atakubali. Akawauliza wanajuaje. Mmoja akasema, kwa sababu huyo ndiye steringi, na steringi hakataliwi.

"Nikawaambia, haya, tuseme hii filamu ni ya yule msichana. Yeye ndiye steringi. Sasa huyo aliyemshika ni nani?"

"Wakasemaje?"

"Mmoja nyuma akasema, basi huyo ni jambazi, mwalimu, na atapigwa sehemu ya pili. Wakataka tuendelee ili waone akipigwa."

Nilicheka mpaka baba akatokeza kichwa mlangoni. Nikafikiria jinsi shangazi, na wasichana wa bwenini, na mimi na rimoti yangu, tulivyokuwa tukimkubalia yule msichana kwa niaba yake kwa sababu tulishaambiwa filamu ni ya nani. Nikataka kulisema vizuri na sikuweza, kwa hiyo nikaenda swali la kumi, ambalo lilikuwa kuhusu maji ya Bura.

Yeye pia alikuwa na maswali. Yalikuwa sita. Katika la mwisho aliuliza kama nikishasema ndiyo ninaweza kubadili nia. Nikamwambia ndivyo ukurasa unavyosema. Akasema anaukumbuka.

Wakaondoka kabla ya alasiri. Ilipita wiki, ikapita ya pili. Alikuja mara mbili, tukazungumza barazani. Shangazi sasa alikuwa anaishika simu vizuri, na mara moja alijisahau akachangia. Filamu tuliendelea kutazama. Siruki tena mpaka nione kwanza kama kuna mtu anayesema kitu. Ikiwa ni mapenzi ya watu waliokubaliana, naruka, maana ayeyo ni ayeyo. Ikiwa ni mambo ya kushikana mikono kwa nguvu, ayeyo anataka kuyaona yote, ili amwapize kijana kwa jina la baba yake. Shangazi bado yuko upande wa masteringi, ila siku hizi huwaambia, "Muulize basi, mjinga wewe," na kwake hayo ni mabadiliko makubwa.

Wiki ya nne, Jumapili saa nne asubuhi, baba aliniita sebuleni. Alikuwa amekaa, viatu vyote viwili miguuni, mikono juu ya magoti. Ayeyo alikuwa kwenye kona yake, shangazi mlangoni. Akaniuliza upya, swali lile lile, maneno yale yale, na safari hii akanitazama usoni.

Nilinyamaza. Sikuweza kujizuia. Nilipita kwenye mambo yote tena, maji, hesabu, umbali wa kutoka Bura hadi kwa mama, dakika arobaini, mabega yanayotikisika. Shangazi akavuta pumzi ili aseme kitu na ayeyo akainua fimbo yake kidogo tu. Baba hakusogea. Chai yake ikatengeneza utando juu. Nilimwona akianza kutoka jasho na bado hakuondoa macho.

"Sina hakika na kitu chochote duniani, abo," nikasema mwishowe. "Lakini ndiyo. Namtaka."

"Sema tena," baba akasema. "Feni imekula maneno."

Nikasema tena, kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo, na upande wa pili wa ukuta jirani akapiga kigelegele akiwa bado na ufagio mkononi.